Kuunganisha milinganyo ya kemia: kinachokatwa kimepita wapi?

Jiko la makaa likishashika vizuri, robo saa hivi baada ya kupepewa, litazame kutoka ubavuni kabla hujabandika sufuria. Makaa ni mekundu, lakini juu yake kuna ndimi ndogo za moto wa samawati zinazorukaruka bila kuligusa kaa lolote. Hizo haziwaki kutoka kwenye makaa. Ni gesi inayowaka, na gesi hiyo haimo kabisa katika mlinganyo tunaofundishwa kwamba ndio wa makaa: C + O₂ → CO₂.

Ndani ya jiko mambo hutokea kwa ngazi tatu. Hewa huingia kwa mlango wa majivu na kupita kwenye matundu ya udongo, ikakutana na makaa ya chini:

C + O₂ → CO₂

Kaboni dayoksaidi hiyo hupanda katikati ya makaa yenye joto kali ambako oksijeni imeshakwisha, nayo hushambulia kaboni:

CO₂ + C → 2CO

Kaboni monoksaidi inayotokea hapo hufika juu, ikutane na hewa mpya, iwake kwa zile ndimi za samawati:

2CO + O₂ → 2CO₂

Sasa jumlisha. Kushoto kuna kaboni mbili, oksijeni mbili, CO₂ moja na CO mbili. Kulia kuna CO₂ moja, CO mbili, na CO₂ nyingine mbili. Kilichoko pande zote mbili kwa kiasi sawa kinakatwa, na unabaki na 2C + 2O₂ → 2CO₂. Gawanya kwa mbili: C + O₂ → CO₂. Mlinganyo wa jumla umefanana na wa kwanza, kana kwamba ngazi mbili za katikati hazikuwahi kuwapo.

Mtu akibandika sufuria pana ya maji baridi ikakalia makaa, ndimi za samawati huzimika kabla gesi haijamaliza kuwaka. Ngazi ya tatu imekatizwa. Jumla ya mbili zilizobaki ni 2C + O₂ → 2CO, na huo nao umesawazika kikamilifu, atomu kwa atomu. Tofauti yake na ule wa kwanza ni uhai wa mtu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu takriban mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Makaa yaliyobaki mekundu bila ndimi yoyote huendelea kuitoa. Watu wanaoingiza jiko chumbani katika baridi ya Juni na Julai hapa Nairobi, wakafunga madirisha na kulala, wanaona makaa yametulia wakadhani hatari imekwisha. Jiko lenye makaa mekundu lisilale nyumbani na watu, hata kama halitoi moshi.

Nimeanza na jiko kwa sababu wanafunzi wengi wa Kidato cha Nne huchukulia kuunganisha milinganyo kama mchezo wa kufuta herufi. Mlinganyo wa jumla ni hesabu ya mlangoni: nini kimeingia, nini kimetoka. Kilichokatwa kilikuwapo, kilitengenezwa na kikatumika, na kama hakikutumika chote basi hukuwa na haki ya kukikata.

Mlinganyo unaruhusu mambo matatu tu. Unaweza kuugeuza, kushoto kuwe kulia. Unaweza kuuzidisha wote kwa nambari moja, hata nusu. Unaweza kuujumlisha na mwingine. Kinachokatazwa ni kugusa nambari ndogo zilizo ndani ya fomula. Anayebadilisha H₂O kuwa H₂O₂ ili oksijeni itoshe ameacha maji na kuleta kitu kingine kabisa.

Chukua magadi, haya yanayovunwa katika Ziwa Magadi kule Kajiado. Jiwe lenyewe huitwa trona, na fomula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O: kabonati ya sodiamu na baikabonati ya sodiamu zimeshikana pamoja na maji. Likichomwa hutoa soda, yaani kabonati ya sodiamu peke yake, inayotumika kutengeneza vioo. Ukilitenganisha kwanza kwenye karatasi unapata:

Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O → Na₂CO₃ + NaHCO₃ + 2H₂O

Halafu baikabonati huvunjika kwa joto:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Mlinganyo wa kwanza unatoa baikabonati moja, wa pili unahitaji mbili. Kwa hiyo wa kwanza unazidishwa mara mbili, wote, pamoja na maji yake. Hapa ndipo kosa la kawaida huingia: mtu huzidisha kile anachotaka kukikata na kusahau vingine. Ukizidisha vizuri, kulia una 2Na₂CO₃, 2NaHCO₃ na 4H₂O. Ongeza wa pili, kata 2NaHCO₃ pande zote, kisha kusanya vinavyofanana vilivyo upande mmoja:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + 5H₂O + CO₂

Kwa uzito, kilo 452 za trona safi hutoa kilo 318 za soda, kilo 90 za mvuke wa maji na kilo 44 za kaboni dayoksaidi. Jumlisha 318, 90 na 44 uone kama hazirudi 452. Ukaguzi huo wa uzito ninaupenda kuliko kuhesabu atomu, maana unashika hata fomula iliyoandikwa vibaya.

Kuhusu namna ya kuandika, nasisitiza hili: usikate chochote kabla ya kuandika mstari mzima wa jumla. Andika milinganyo mmoja chini ya mwingine, mishale ikiwa imepangana wima. Piga mstari. Chini yake andika vyote vya kushoto, mshale, vyote vya kulia. Ndipo ukate. Anayekata akiwa bado juu ya mstari hukata kitu kizima pale alipotakiwa kukipunguza tu. Kama kushoto kuna 2H₂O na kulia 6H₂O, hubaki 4H₂O kulia, hayafutiki yote.

Mifano ya magadi na makaa ni mepesi kwa kuwa kila kitu cha kati hutokea mahali pamoja na kutumika mahali pamoja. Kazi huwa ngumu pale kitu kimoja kinaporudi nyuma. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni asidi ya naitriki, ambayo ndiyo inayotoa naitreti iliyomo katika mbolea ya CAN, ile mkulima anayoweka mahindi yakishafika magotini. Kiwandani kuna hatua tatu:

4NH₃ + 5O₂ → 4NO + 6H₂O
2NO + O₂ → 2NO₂
3NO₂ + H₂O → 2HNO₃ + NO

Amonia huchomwa juu ya wavu wa platinamu na rodiamu, gesi ya NO inayotoka hupozwa na kushika oksijeni zaidi, kisha NO₂ humezwa na maji. Wengi huanza kwa jicho: wa kwanza unatoa NO nne, wa pili unakula mbili, basi wa pili uzidishwe mara mbili. Sasa kuna NO₂ nne, na wa tatu unahitaji tatu. Wanazidisha viwili vya kwanza mara tatu na wa tatu mara nne, wanajumlisha, wanapata:

12NH₃ + 21O₂ → 8HNO₃ + 14H₂O + 4NO

Hesabu atomu: naitrojeni 12 na 12, hidrojeni 36 na 36, oksijeni 42 na 42. Umesawazika. Lakini tazama mwisho wake, NO nne zimebaki kulia. Huo ni mlinganyo wa kiwanda kinachoachia NO itoroke kwa bomba la moshi. Kati ya amonia 12, ni 8 tu zilizogeuka asidi. Theluthi nzima imepotea hewani, na ni gesi chafu.

Kiwanda cha kweli huirudisha NO ile kwenye hatua ya pili. Kwa hiyo hatua ya pili inalishwa na vyanzo viwili, na jicho halitoshi. Hapo tumia aljebra. Acha mlinganyo wa kwanza utumike mara moja, wa pili mara a, wa tatu mara b. Andika hesabu ya kila kitu cha kati: kinachotengenezwa kiwe sawa na kinacholiwa.

Kwa NO: 4 + b = 2a
Kwa NO₂: 2a = 3b

Kutoka hizo mbili, 4 + b = 3b, kwa hiyo b ni 2 na a ni 3. Zidisha wa pili mara tatu, wa tatu mara mbili, jumlisha:

4NH₃ + 8O₂ + 6NO + 6NO₂ + 2H₂O → 4NO + 6H₂O + 6NO₂ + 4HNO₃ + 2NO

Kulia, NO nne za kwanza na mbili za mwisho ni sita, zinakatana na sita za kushoto. NO₂ zinakatana. Maji mawili yanapunguza sita, yanabaki manne. Gawanya vyote kwa nne:

NH₃ + 2O₂ → HNO₃ + H₂O

Amonia moja, asidi moja. Milinganyo ile mitatu imetoa majibu mawili tofauti, yote mawili yamesawazika, na kilichoyatofautisha ni bomba moja: je, NO inarudi ndani au inatoka nje? Kwa sababu hiyo swali la mtihani lisiposema ni kitu gani kinabaki na kipi kinatumika chote, msomaji ana haki ya kuuliza. Na likisema "mlinganyo wa jumla usiwe na NO", tayari limekwambia bomba limeelekea wapi.

Utaratibu huu wa kuandika hesabu moja kwa kila kitu cha kati hufanya kazi hata hatua zikiwa kumi. Vitu vya kati vikiwa vingi kuliko unavyoweza kushika kichwani, acha kubahatisha nambari.

Milinganyo ikijumlishwa, joto lake nalo hujumlishwa. Aliyeonyesha hilo ni Germain Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi St Petersburg, mwaka 1840: joto la mmenyuko hutegemea ulipoanzia na ulipoishia, si njia uliyopitia. Rudi kwenye jiko. Kwa moli (kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu), ngazi ya kwanza hutoa kJ 393.5, kwa hiyo tunaandika −393.5. Ya pili humeza joto, +172.5. Ya tatu hutoa −566.0. Jumla yake ni −787.0, ambayo ni mara mbili ya −393.5 barabara. Na lile jiko lililozimiwa ndimi zake? −393.5 na +172.5 ni −221.0 kwa kaboni mbili, yaani −110.5 kwa moja. Sumu imetoka, na karibu robo tatu ya joto haikufika kwenye sufuria, kwa hesabu kamili asilimia 72. Anayekalisha sufuria juu ya makaa analipia gunia zima na kupata joto la sehemu yake.

Faida kubwa ya kanuni ya Hess ni kupima kisichopimika. Methani, ile gesi ya samadi inayowashwa katika mashamba ya ng'ombe kule Kiambu, huwezi kuitengeneza kwa kuchanganya kaboni na hidrojeni ndani ya chombo cha kupimia joto; mmenyuko hauendi vizuri na hutoa mambo mengi. Lakini kaboni, hidrojeni na methani zote huungua vizuri, na joto la kuungua linapimika:

C + O₂ → CO₂, −393.5
H₂ + ½O₂ → H₂O, −285.8
CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O, −890.3

Tunataka C + 2H₂ → CH₄. Kaboni iko kushoto mahali pake, wa kwanza uache. Hidrojeni zinatakiwa mbili, wa pili uzidishe mara mbili: −571.6. Methani inatakiwa kulia, wa tatu ugeuze, na alama ya joto igeuke pamoja nao: +890.3. Jumla ni −74.8.

Sasa kosa ambalo huharibu kazi ya watu makini. Thamani ya −890.3 ni ya methani inapoungua maji yakawa kioevu. Kuna majedwali yanayotoa −802.3, na hayo nayo ni sahihi, ila maji yake ni mvuke. Mtu akichukua −285.8 ya maji ya kioevu kutoka jedwali moja na −802.3 ya mvuke kutoka jingine, anapata −162.8, zaidi ya mara mbili ya jibu. Herufi zote zilikatana vizuri; H₂O ilikata H₂O. Lakini kioevu hakiwezi kukata mvuke, kwa kuwa kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke katika nyuzi 25 kunahitaji kJ 44.0, na hapa moli ni mbili. Alama za hali zile, yabisi, kioevu, gesi, zilizoyeyuka majini, ambazo wanafunzi huziona kama mapambo ya kumridhisha msahihishaji, ni sehemu ya jina la kitu. Vitu viwili hukatana vikiwa na jina kamili sawa.

Kwenye umeme kuna mtego mwingine. Betri ya gari ina nusu-milinganyo miwili, yaani milinganyo inayoonyesha elektroni zinazotolewa au kupokewa. Bamba la risasi:

Pb + HSO₄⁻ → PbSO₄ + H⁺ + 2e⁻

Bamba la oksaidi ya risasi:

PbO₂ + HSO₄⁻ + 3H⁺ + 2e⁻ → PbSO₄ + 2H₂O

Elektroni ni mbili kila upande, zinakatana. H⁺ moja ya kulia inapunguza tatu za kushoto, zinabaki mbili, na zikiungana na HSO₄⁻ mbili unapata asidi ya salfuriki kamili:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Hapo ndipo kazi ya fundi wa betri inaposomeka. Betri ikitumika, asidi inaliwa na maji yanazaliwa, kwa hiyo maji ya betri yanakuwa mepesi. Haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa maji ya betri, inayosoma karibu 1.27 betri ikiwa imejaa itashuka hadi karibu 1.12 ikiwa imekufa. Chumba kimoja hutoa volti 2.04 hivi, na vyumba sita vinafanya betri ya volti 12.

Mtego ni huu: ukizidisha nusu-mlinganyo ili elektroni zilingane, volti hazizidishwi. Joto hukua na kiasi cha vitu. Volti ni nishati kwa kila chaji, haijali kiasi. Nusu-milinganyo miwili ikiungana na elektroni zikakatika zote, unajumlisha volti moja kwa moja. Lakini ukiiunganisha upate nusu-mlinganyo wa tatu wenye elektroni zilizobaki, njia hiyo inakudanganya. Chuma kinaonyesha wazi: Fe³⁺ + e⁻ → Fe²⁺ ni +0.77, Fe²⁺ + 2e⁻ → Fe ni −0.44. Anayejumlisha tu anapata +0.33 kwa Fe³⁺ + 3e⁻ → Fe. Jibu sahihi hupatikana kwa kuzidisha kila volti na elektroni zake, kujumlisha, kisha kugawanya kwa elektroni zote: 0.77 kutoa 0.88 ni −0.11, gawanya kwa 3, karibu −0.04. Hata alama imebadilika.

Namba za msawazo, zinazoonyesha mmenyuko unafika umbali gani kabla ya kutulia, nazo zina tabia yake: milinganyo ikijumlishwa, zenyewe huzidishwa; mlinganyo ukigeuzwa, namba inakuwa moja gawanya kwa namba ile ya kwanza. Kwa hiyo kloraidi ya fedha, ambayo kwa maji haiyeyuki karibu kabisa, huyeyuka ukitia amonia ya kutosha, kwa sababu namba ndogo sana ya kwanza imezidishwa na namba kubwa sana ya fedha kushikana na amonia.

Na kuna milinganyo ambayo ukiijumlisha haibaki na kitu. Mawe ya chokaa yakichomwa kwa karibu nyuzi 900 hutoa CaO na CO₂, na kwa kila moli humeza kJ 178.3. CaO ikitiwa maji huwa Ca(OH)₂ na kutoa kJ 65.2. Ukiipaka ukutani, hushika CO₂ ya hewa ikarudi CaCO₃, ikiacha maji ya kioevu, na kutoa kJ 113.1.

CaCO₃ → CaO + CO₂
CaO + H₂O → Ca(OH)₂
Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Jaribu kukata. Kila kilichoko kushoto kiko kulia, hadi cha mwisho, na joto nalo: 178.3 kutoa 65.2 kutoa 113.1 ni sifuri. Kwenye karatasi hakuna kilichotokea. Jiwe lililoingia tanurini limerudi kuwa jiwe, ila sasa limetandazwa ukutani jembamba na jeupe. Joto la kuni au makaa ya mawe liliingia tanurini. Sehemu ndogo ilitoka kwa kishindo pale maji yalipochemka ndani ya pipa la chokaa, na kubwa zaidi inatoka ukutani, polepole kwa wiki na miezi, kiasi kwamba ukiuwekea ukuta kiganja utauona uko baridi tu.